Kimya cha Mohamed Husen

Kiswahili kina neno chale, mtu anayechekesha kwa vitendo hata kabla hajafungua kinywa, na neno hilo huhusishwa na Charlie Chaplin, yule bwana wa kofia nyeusi na bakora aliyetikisa dunia bila kutamka kitu. Enzi ya sinema bubu ilipita Afrika Mashariki ikatuachia jina la mgeni katika msamiati wetu. Jina la mwenyeji haikutuachia. Ukiuliza leo mitaa ya Mwanza, Kirumba au Kamanga, mwigizaji wetu wa filamu wa zamani ni nani, utatajiwa marehemu Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga, na wenye umri watarudi nyuma kidogo hadi kwa King Majuto. Nyuma ya hapo ni giza tupu. Lakini waigizaji walikuwapo. Miaka ya 1920 na 1930 kamera zilifika katika ardhi hii, Waafrika wakasimama mbele yake wakacheza, na mmoja wao, mzaliwa wa Dar es Salaam, alifanya kazi ya filamu na jukwaa kwa miaka kadhaa mfululizo mjini Berlin. Kwa nini hatuwajui? Jibu jepesi ni kwamba filamu za wakati huo hazikuwa na sauti na ziliwapotezea sauti zao. Jibu hilo silikubali. Kimya cha wachezaji hawa kilipangwa na waliowaajiri, na kilibaki palepale hata baada ya filamu kuanza kusema. Mahali pazuri pa kulipimia jambo hili ni Usukumani, kusini mwa Ziwa Victoria, kwa sababu huko, miaka ileile, msanii wa uwanjani alikuwa na jina, wafuasi, wapinzani na uzee wenye heshima.

Tuanze na tarehe, maana zimetupotosha. Historia za sinema huweka mwisho wa filamu bubu karibu na mwaka 1927, The Jazz Singer ilipotoka Marekani. Hiyo ni tarehe ya miji yenye umeme na kumbi za kulipia. Katika vijiji vya Tanganyika filamu ziliendelea kuwa bubu kwa karibu robo karne zaidi. Mwaka 1935 Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, walianzisha huko Vugiri, juu ya milima ya Usambara, mradi wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika. Fedha zilitoka Shirika la Carnegie la Marekani, na mradi ulidumu hadi 1937. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35 kwa mkanda mwembamba usio na sauti, na maelezo yakarekodiwa kwenye sahani za santuri ili yachezwe sambamba na picha, kila eneo kwa lugha yake. Gari lilibeba mashine, jenereta na pazia, likazunguka Tanganyika na nchi jirani. Mada zilikuwa safura, mmomonyoko wa udongo, kodi, kahawa. Moja ilihusu benki ya akiba ya posta: mtu mmoja anafukia fedha zake ardhini zinaibwa, mwenzake anazipeleka posta anafanikiwa. Wachezaji walikuwa Waafrika, na walichotakiwa kufanya ndicho anachotakiwa kufanya kila mwigizaji wa sinema bubu: kuonyesha tamaa, hofu, majuto na furaha kwa uso na mikono pekee, mbele ya kamera isiyosikia.

Kazi hiyo si ndogo. Anayeidharau ajaribu kuigiza mtu anayechimba shimo akagundua fedha zake hazipo, bila neno, na mtazamaji wa kijiji cha mbali, wa kabila jingine, amwelewe papo hapo. Wachezaji wa Vugiri waliifanya, na hakuna hata mmoja aliyeingia katika historia ya sinema kwa jina lake. Notcutt na Latham walichapisha kitabu kizima kuhusu mradi wao mwaka 1937, na ndio wanaokumbukwa. Kisha, mwaka 1939, serikali ya Uingereza ikaunda kitengo cha filamu za makoloni, ambako William Sellers, aliyeanzia kazi hiyo Nigeria, alisimamia nadharia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka. Kwa nadharia hiyo filamu zilipaswa kwenda polepole, jambo moja kwa wakati mmoja, bila hila za kamera. Waliochunguza zaidi suala la ukoloni na sinema wamelaumu nadharia hii kwa jinsi ilivyomdharau mtazamaji. Mimi naona ilimdhuru mchezaji zaidi. Ukishaamini kwamba hadhira haielewi ila mjinga na mwerevu, huhitaji mwigizaji mwenye kipawa. Unahitaji mwili wa kusimama mahali pa mjinga na mwingine mahali pa mwerevu. Mwili hauna haja ya kutajwa.

Mtu anaweza kunipinga hapa kwa haki kabisa. Atasema filamu hizi zilikuwa somo la afya na kilimo, si sanaa, na hata Ulaya na Marekani maelfu ya watu wa kujaza umati walipita mbele ya kamera bila majina. Ni kweli. Lakini mtu wa kujaza umati kule alikuwa na ngazi ya kupanda. Leo yuko nyuma ya shujaa, kesho anapewa barua ya kumkabidhi shujaa, keshokutwa anapewa maneno mawili. Swali la kuuliza ni kama ngazi hiyo ilikuwapo kwa Mwafrika, na kesi iliyo karibu na ziwa letu inalijibu vizuri. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilimtuma W. S. Van Dyke kuja Afrika Mashariki kupiga Trader Horn, akafanya kazi hadi maporomoko ya Murchison nchini Uganda. Filamu ilianza kutengenezwa sinema bubu ikipumua pumzi zake za mwisho, na ikatoka 1931 ikiwa na sauti. Mutia Omooloo, mtu wa Kenya, alicheza mbeba bunduki wa shujaa, nafasi iliyobeba sehemu kubwa ya hisia za hadithi. Alipelekwa hadi Hollywood kumalizia picha zilizobaki. Jina lake liliandikwa. Hapo ndipo ngazi ilipokatika: hakuna filamu ya pili iliyomjenga, kwa sababu kampuni haikuwa ikimtafuta mwigizaji, ilikuwa ikiutafuta ukweli wa Afrika, na Mutia alihesabiwa upande wa mandhari. Miaka michache baadaye Jomo Kenyatta mwenyewe, akiishi London kwa shida ya fedha, alionekana kama mmoja wa machifu katika Sanders of the River ya 1935, bila jina lake kuandikwa, na Paul Robeson, nyota wa filamu ile, baadaye aliikana kazi hiyo hadharani. MGM walirudi kupiga Mogambo ya 1953, sehemu yake kwenye Mto Kagera. Kagera imo katika orodha ya maeneo ya filamu ile hadi leo. Mto ulipata kutajwa.

Sasa tuigeukie mbina, ngoma ya Kisukuma ya miaka hiyohiyo. Vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, vinafuata mkondo wa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, ambao ushindani wao uliingia uwanjani na haujatoka. Mavuno yakiisha, kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi ambapo watu wana nafasi, na baada ya pamba kuenea, wana pia shilingi, pande hizo mbili zilipambana kwa namna ambayo sijui kama ipo kali zaidi katika sanaa ya jukwaa popote. Hazikupokezana zamu. Zilicheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huku na kule, na watazamaji walikuwa huru kuhama. Mshindi alikuwa yule ambaye umati ulikuwa kwake. Hakuna jopo la waamuzi wala tiketi iliyokwisha kulipwa. Mtu aliyekuchoka aligeuza mgongo akavuka uwanja, na kila mtu akamwona akivuka. Katika hali hiyo mchezaji alilazimika kuwa na kila kitu: dawa ya kuvuta watu, bila shaka, kwani pande zote ziliiamini, lakini pia mavazi, mshangao, na hila za kimwili. Bayeye, wacheza nyoka, waliingia na chatu mwilini. Banungule, wawindaji wa nungunungu, waliigiza mawindo yao. Katika bugobogobo majembe yalirushwa hewani na kudakwa, na kazi ya shamba ikageuka mchezo unaoeleweka na mtu yeyote aliyewahi kushika mpini. Walikuwapo hata wanasesere wa mti wenye viungo vinavyosogea, waliotolewa ghafla ili kuwarudisha waliokuwa wakiondoka.

Kiini cha yote hayo kilikuwa manju, ambaye Wasukuma humwita ningi. Huyu alitunga, aliongoza, alijisifu kwa jina lake na kumtukana mpinzani kwa jina lake. Alianza akiwa mfuasi, akajifunza kwa mkubwa wake, akaingizwa chamani, akapata kikosi, akaitwa mbali, akatunzwa mbele za watu. Alipanda na aliweza kuporomoka, kwa sababu kiangazi kimoja cha kushindwa kilisemwa kwenye visima vya kijiji chake mwaka mzima. Hicho ndicho ninachokiita kazi ya maisha ya msanii: mfululizo wa majaribio ambamo jina la mtu linaongezeka au kupungua. Kanisa lenyewe lililitambua hilo. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, aliyejenga kituo cha Bujora pale Kisesa nje ya Mwanza miaka ya 1950, hakujaribu kuizima mbina. Aliiingiza katika sikukuu ya Ekaristi, na mashindano ya Bulabo yanayofanyika kila Juni yametokana na uamuzi huo. Kwa mgeni wa wakati wake, ule ulikuwa uelewa wa ajabu: alitambua kwamba aliokuwa akiwaona ni wasanii walio kazini.

Nitaambiwa kwamba ngoma si uigizaji, na kwamba kumlinganisha manju wa Usukuma na mwigizaji wa sinema bubu ni kulazimisha undugu. Manju huimba, sinema bubu haiimbi. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama waigizaji wa sinema bubu wangeshuka kutoka mbinguni. Chaplin alizaliwa London mwaka 1889 katika familia ya waimbaji wa kumbi za burudani, akakulia kwenye jukwaa, akapikwa katika kikundi cha Fred Karno kilichosifika kwa michezo ya vitendo vya mwili, kabla ya kuingia kwenye filamu mwaka 1914. Kumbi zile zilikuwa na watu wa kelele, walevi wengi wao, ambao wangemzomea mtu akiwachosha kwa dakika moja. Umahiri wa sinema bubu ulitoka huko, kwenye shule ya kushikilia jicho la mtu anayetaka kuondoka. Uwanja wa Bagika na Bagalu ulikuwa shule ya namna hiyo hiyo, na kwa maoni yangu ngumu kuliko ya London, ambako mtazamaji alishalipa kiingilio na hakuwa na jukwaa la pili mbele yake. Kilichokosekana Mwanza ni daraja. London na New York zilikuwa na daraja kati ya jukwaa na kamera. Hapa reli ilifika mwaka 1928, kumbi za sinema zikaja baadaye, na mmoja wao, Liberty, umeacha jina lake kwenye mtaa wa katikati ya mji, lakini filamu zilikuja zikiwa zimekamilika, kama shehena nyingine yoyote ya stesheni. Waliokuja na kamera walipiga picha za ngoma kama desturi ya kabila. Mtu aliyekuwa akiiongoza, aliyekesha akitunga, hakuulizwa jina.

Kuna jambo moja ambalo lazima nikubali. Uwanja nao unasahau. Sifa ya manju wa mwaka 1930 ilidumu kadiri walivyodumu waliomsikia, na Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki, vizazi viwili au vitatu vya mabingwa vilikuwa vimekwisha kuzikwa na nyimbo zao. Filamu huhifadhi, uwanja hauhifadhi. Ndiyo maana kisa cha mtu wetu wa Berlin kinauma: yeye alihifadhiwa, uso wake upo kwenye mikanda hadi leo, na bado hatumjui.

Jina alilopewa ni Mahjub bin Adam Mohamed, na amebaki katika kumbukumbu kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Baba yake alikuwa askari wa Kijerumani mwenye asili ya Sudan. Alijifunza Kijerumani utotoni, akafanya kazi ya ukarani Lindi, na vita ilipoanza 1914 akaingia jeshini pamoja na baba yake akiwa na umri wa miaka kumi. Alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa mwaka 1917, akakamatwa na Waingereza. Baada ya vita alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin akidai mishahara ambayo yeye na marehemu baba yake hawakuwahi kulipwa. Aliambiwa amechelewa. Akabaki. Akawa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba la starehe ambamo kila ukumbi uliigiza nchi yake na mhudumu alikuwa sehemu ya maonyesho. Alisaidia pia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, chini ya Profesa Diedrich Westermann, kwa karibu miaka kumi. Januari 1933 alimwoa mwanamke Mjerumani, siku chache kabla Hitler hajashika madaraka.

Kuanzia 1934 hadi 1941 alionekana katika filamu zisizopungua 20. Ya mwanzo, Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, ilihusu vita ileile aliyopigana yeye akiwa mtoto, na inafaa kutafakari maana yake: mtu mwenye kovu la Mahiwa anaajiriwa kucheza askari mwaminifu katika hadithi ambayo shujaa wake ni mzungu aliyebuniwa. Yeye ndiye pekee pale aliyekuwa na kumbukumbu ya kweli, na nafasi yake ilikuwa ndogo. Alishiriki pia katika maonyesho ya jukwaani yaliyozunguka Ujerumani kwa jina la Deutsche Afrika-Schau, ambayo serikali ya Nazi iliyatumia kuhubiri kurudishiwa makoloni na, wakati huohuo, kuwakusanya Waafrika wachache wa nchi ile mahali pamoja wapate kuangaliwa. Hizo ni filamu zenye sauti. Maikrofoni ilikuwapo. Katika nyingi kati ya hizo Husen alikuwa mtumishi anayepita, mlinzi mlangoni, sura nyeusi ya kuthibitisha kwamba hadithi iko mbali na Ulaya. Chuoni walimlipa kwa ajili ya ulimi wake, kwa kuwa maafisa walihitaji kujifunza matamshi sahihi ya Kiswahili. Studio zilimlipa kwa ajili ya ngozi yake.

Nafasi yake kubwa kuliko zote ilikuja mwaka 1941, katika Carl Peters ya mwongozaji Herbert Selpin, ambapo Hans Albers alicheza Peters na Husen akacheza Ramasan, mkalimani na mtu wa kuaminika wa Peters. Hapa ziwa letu linaingia katika hadithi. Peters halisi, mwasisi wa ukoloni wa Kijerumani Afrika Mashariki, alifika Buganda mapema mwaka 1890, akamshawishi Kabaka Mwanga kutia saini mkataba, kisha akashuka upande wa magharibi wa Ziwa Victoria kwa mitumbwi hadi misheni ya Ukumbi, karibu na Mwanza. Waafrika walimwita mkono wa damu. Akiwa Kilimanjaro mwaka 1891 aliamuru mtumishi wake Mabruk anyongwe, na miezi michache baadaye akamnyonga msichana aliyeitwa Jagodja, na kwa matendo hayo serikali ya Ujerumani yenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Filamu ya Selpin iligeuza aibu hiyo kuwa usaliti aliofanyiwa mtu mkuu. Kwa hiyo Husen alipewa kumwigiza mtumishi mwaminifu wa bwana aliyemnyonga mtumishi wake. Umati wa Waafrika uliomzunguka ulikuwa na wafungwa wa kivita waliotekwa kutoka jeshi la Ufaransa. Hatimaye alikuwa na mistari ya kusema, na nikiulizwa ni lini alikuwa bubu zaidi, nitasema ni hapo. Kupewa maneno na kusema ni vitu viwili. Manju wa Kisesa aliyefungua kinywa alisema jambo lake. Husen alifungua kinywa likatoka la Peters.

Muda mfupi baada ya kazi hiyo alikamatwa na Gestapo kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Alikuwa na miaka 40.

Wapo watakaosema hastahili machozi yetu. Alijitolea kucheza filamu za propaganda, alitaka nishani ya askari wa mstari wa mbele na aliponyimwa akajipatia na kuivaa, na vita ilipoanza 1939 aliomba kujiunga na jeshi la Ujerumani. Sitaki kulifunika jambo hili, kwa sababu ni la kweli na linachoma. Lakini soma mlolongo wake kwa makini: anaomba mshahara, ananyimwa, anaomba nishani, ananyimwa, anafukuzwa Haus Vaterland mwaka 1935 baada ya wenzake kumlalamikia, anaomba jeshi, ananyimwa. Mtu huyu alitumia miaka 12 akiidai Ujerumani imtambue kwa kile alichokuwa, na mlango pekee uliofunguka ulikuwa wa studio, kwa sharti la kucheza kile walichotaka awe. Kumhukumu kwa kuingia mlango huo bila kuhesabu iliyofungwa ni kumwonea. Na ikiwa tutamwita msaliti, tutalazimika kuuliza pia kwa nini katika filamu ileile wafungwa wa kivita, ambao hawakuchagua chochote, wanaonekana kwenye pazia kwa namna moja na yeye. Kamera haikutofautisha aliyeomba kazi na aliyeletwa kwa mtutu.

Kuna upande mmoja wa historia hii ambao unanipa faraja, nao ni kwamba sinema bubu haikuwahi kuwa kimya kabisa kwa watazamaji wetu. Gari la sinema lilipofika kijijini na mkanda usio na sauti, lilikuja na mtu mwenye kipaza sauti wa kueleza. Serikali ilimtaka asome maelezo. Binadamu akikabidhiwa umati na usiku na kipaza sauti, hasomi maelezo tu. Japani walikuwa na watu wa namna hiyo katika enzi ya sinema bubu, benshi, na baadhi yao walivuta watazamaji kuliko nyota waliokuwa kwenye picha. Kwetu kazi hiyo ilizaliwa upya kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, ambako msimulizi Lufufu na waliomfuata walitafsiri filamu za Hong Kong, India na Nigeria kwa Kiswahili chao, wakiongeza mizaha, mitaa na majina ya watu wa hapa. Ukisimama leo nje ya kibanda cha video kando ya mwalo wa samaki Mwanza ukasikia sauti hiyo ikimfokea adui wa filamu ya Kichina kwa Kiswahili cha mtaani, unamsikia ndugu wa manju. Picha ni ya wengine. Umati ni wake.

Na yupo aliyevuka kutoka upande wa picha hadi upande wa sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Afrika Kusini ilipotengeneza Tanganyika filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi, mhusika mkuu alikuwa kijana wa idara ya ustawi wa jamii aliyesoma Tabora, Rashidi Mfaume Kawawa. Hadithi zenyewe bado zilikuwa za mshamba anayeponzwa na mji, ndugu wa karibu wa mjinga wa Vugiri. Tofauti ni kwamba Kawawa alicheza kwa lugha yake, mbele ya watazamaji wake, na jina lake likajulikana. Mwaka 1955 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Sisemi filamu ndizo zilizomfikisha huko. Nasema zilimkuta mtu anayeruhusiwa kusikika, na ruhusa hiyo, ambayo ilikuwa imeanza kudaiwa kwa nguvu nchi nzima, ndiyo Husen hakuipata mahali popote Berlin.

Berlin sasa imeweka jiwe la shaba lenye kumbukumbu ya Husen kwenye njia ya miguu ya Brunnenstraße, mbele ya nyumba aliyoishi. Liliwekwa mwaka 2007. Mtafiti Marianne Bechhaus-Gerst ameandika maisha yake, na Eva Knopf akatengeneza filamu kuhusu safari yake mwaka 2013. Kazi zote hizo ni za Kijerumani. Wachezaji wa Vugiri hawana jiwe wala kitabu. Filamu zao nyingi zimepotea, na katika chache zilizosalia kwenye hifadhi ya London imo moja iliyopigwa Kingolwira, karibu na Morogoro, kuhusu mashamba ya wakulima. Nyuso zinaonekana vizuri. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku ile sasa angekuwa na karibu miaka mia, na wajukuu wa watu wale huenda bado wanaishi hukohuko. Kupeleka nakala Kingolwira, kutundika pazia jioni moja na kuwaachia watu watazame na kutaja majina kunahitaji gari, mashine ya kuonyeshea na mtu wa kuandika.